Paa la Farasi wa Mbao

Mimi ndiye niliyekuwa nashika viatu. Kwetu Tanga, siku za sikukuu, watoto wa mtaa mzima tulimiminika uwanjani kwenye mabembea ya mbao, yale ya kusukumwa kwa mikono, na kila mtoto alikuwa na viatu vipya vilivyonunuliwa saizi mbili mbele ili vidumu mpaka Idi ya mwaka unaofuata. Viatu vya namna hiyo ukipanda navyo bembea vinaruka. Kwa hiyo lazima abaki mtu chini wa kuvishika, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yangu, mwenye wadogo watano nyuma yangu, mtu huyo alikuwa mimi. Nilisimama na jozi tano kifuani, bado zinanukia gundi, nikiwahesabu wadogo zangu kila walipopita mbele yangu wakipiga kelele. Zamu zao zilipokwisha, magharibi imeingia na tunatakiwa nyumbani. Mwaka ambao wadogo walikua kiasi cha kushika viatu vyao wenyewe, nikaambiwa msichana mkubwa hapandi bembea. Ikaisha hivyo.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku yule mzee alipoingia dukani kwangu Bertrams, hapa Johannesburg, akasema ana farasi wa mbao wanaozunguka na paa lao limechanika, sikumsikiliza kwa akili zangu zote. Fundi mwenye akili zake angemwambia samahani, hapa tunashona nguo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja mbele ya nyumba ya zamani, ukitoka nje unaona taa za uwanja wa mpira. Nalitumia pamoja na fundi mwenzangu mwanamume, Mkongomani wa Lubumbashi. Yeye anashona suti na sare za kwaya za makanisa ya kwao, mimi nashona magauni, sare za shule na kanzu Idi ikikaribia. Tumeelewana miaka mingi kwa sababu yeye ni mpole na mimi sina upole wowote. Midomo yangu haina kufuli, nakiri. Nimewahi kumfukuza mwanafunzi wangu wa ushonaji mbele ya wateja kwa sababu alimkatia mtu gauni kwa kulipima gauni lake la zamani. Nilimwambia gauni la zamani limekwisha kuvutika, limefuata mwili wa miaka ile, na fundi anayepima nguo badala ya mtu akauze nyanya. Mwenzangu alinitazama tu juu ya miwani yake akaendelea kushona.

Basi mzee akaingia. Mzungu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, kofia mkononi, vidole vyeusi kwa grisi ya tangu enzi. Watu wake walimwita Oom, yaani mjomba, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alinieleza bila kuzungushazunguka. Mkaguzi wa usalama alikuja akaona maji ya mvua yanapita kwenye turubai na kudondokea taa za umeme zilizo chini yake. Angerudi Jumamosi ya wiki inayofuata asubuhi. Akikuta paa zima, bembea ya farasi inapata kibali cha kuzunguka msimu wote wa kiangazi. Akikuta bado linavuja, basi. Wana wa Oom, ambao wote wanaishi ng'ambo na wamechoshwa na mabembea tangu utoto, walikwisha kukubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu kwamba safari hii kibali kikikosekana, farasi wanashushwa na mtambo unakatwa. Wenye kampuni za mahema walimwambia asubiri mwezi mzima. Hakunibembeleza. Aliniambia tu kwamba anazo siku tisa, akasimama pale akiangalia mashine zetu kwa heshima, kama mtu anayejua mashine ni nini.

Nikamwambia kwanza nione.

Uwanja ulikuwa kusini mwa jiji, kando ya kifusi cha mgodi wa zamani, kile kilima cha mchanga wa njano ambacho upepo ukivuma kinahamia kwenye macho yako. Tulifika adhuhuri, hakuna mteja hata mmoja. Nimewahi kumpeleka binti yangu kwenye michezo ya ndani ya maduka makubwa, ambako kila kitu ni plastiki mpya na kelele za kompyuta, na nilitoka na kichwa kinaniuma. Pale uwanjani kichwa hakikuniuma. Magari ya kugongana yalipangwa kando kama viatu mlangoni mwa msikiti, mipira yao imekwanguka. Nyumba ya mizuka ilichorwa jitu lenye meno ambalo mvua na jua vimelififisha mpaka limekuwa na sura ya mtu wa kawaida aliyekosa usingizi. Gurudumu kubwa lilisimama kimya na viti vyake vikicheza polepole kwa upepo. Rangi ilikuwa imebabuka kila mahali, lakini nilipokaribia nikaona kwamba kila bolti ilipakwa grisi asubuhi ile. Kila mnyororo ulifutwa. Kila mlango mdogo ulikuwa na kitasa kinachofunga sawasawa. Mimi mambo hayo huyaona haraka, kwa sababu najua tofauti ya nguo iliyochakaa na nguo iliyoachwa. Vitu vile vilichakaa. Havikuachwa.

Na farasi. Walikuwa ishirini na wanne, mbao tupu, mkia wa singa za farasi wa kweli. Mmoja hakuwa na sikio, mwingine alikuwa na jicho la kioo na jicho la kuchorwa. Pale rangi ilipobanduka shingoni ungeona chini yake rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena, bluu, kijani, nyekundu, hudhurungi, miaka ya watu waliokaa wakapaka upya na upya. Nilimshika mmoja shavuni. Nikiri tu kwamba nilimpenda pale pale, mtu mzima mimi, na mtandio wangu kichwani, nimesimama namshika shavu farasi wa mbao.

Aliyewaendesha alikuwa mama wa Soweto, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini hivi, mnene, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Alikaa kwenye kiti cha chuma katikati ya mtambo na mkono wake juu ya usukani, hata mtambo ukiwa umezimwa. Aliniuliza kama najua kushona vitu vikubwa. Nikamjibu nimeshona mapazia ya ukumbi mzima wa harusi. Akasema mapazia hayazunguki.

Turubai lenyewe walikwisha kulishusha. Vipande kumi na sita vya pembe tatu, vimeunganishwa kuwa mwavuli mkubwa, mistari iliyokuwa myekundu na ya maziwa zamani na sasa yote imekuwa karibu rangi moja ya chai. Nilikunjua, nikatazama mishono, nikaguna. Kipande kimoja kipana, kinachofuata chembamba, kingine kimepinda upande. Oom alisimama karibu yangu kabisa, na mimi, kwa mdomo wangu ule ule, nikamwambia kwamba aliyeshona hili alikata amefumba macho. Nikamwambia nitamtengenezea paa ambalo vipande vyake vyote ni ndugu wa tumbo moja. Aliinama akalainisha pindo moja kwa kiganja. Kisha akasema lilidumu miaka mingi.

Nikalichukua, nikaazima cherehani nzito ya mtu anayeshona viti vya magari mtaa wa pili, nikanunua turubai jipya, jekundu na la maziwa. Jumapili yote nilifumua la zamani. Kwenye pindo la kila kipande, kwa ndani, palikuwa na namba ndogo ya wino, moja mpaka kumi na sita, mwandiko wa kike, umelala kidogo. Nikadhani ni za kupanga tu vipande visichanganyike. Nikachagua kipande kimoja kilichonyooka kuliko vyote, nikakifanya kielelezo, nikakata kumi na sita sawasawa. Siku tatu nilishona, mabega yakawaka moto. Mwenzangu wa Lubumbashi alinisaidia kukokota kitambaa mezani, maana ni kizito kama mtu aliyelala. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa akirudi shule anaruka juu ya turubai lililojaa chumba kizima, ananiuliza kwa Kiingereza kama sasa tunahamia kwenye hema. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi ya Kitanga, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Nilimweleza habari ya farasi, nikaingia tena kwenye hadithi ya viatu vya Idi. Nimeisimulia mara nyingi mpaka yeye ndiye humalizia. Alimalizia, akachukua simu yake, akaenda zake chumbani.

Alhamisi asubuhi tukalipeleka. Nilimchukua na mwenzangu, kwa sababu nilitaka awepo mtu wa kuniona nikisifiwa. Oom na mama wa Soweto na wanaume wanne wa uwanjani wakalipandisha kwa kamba, wakalifungua juu ya mbavu za paa, lile jekundu likawaka juani, na mimi nikakunja mikono kifuani. Halafu wakaanza kufunga. Ukingo mmoja ukakaa. Wa pili ukavutika mpaka mshono ukatoa sauti. Wa tatu ukaning'inia, ukafanya bonde ambalo ndoo mbili za maji zingekaa humo. Wakafungua, wakazungusha lote hatua moja, wakafunga tena. Ikawa mbaya zaidi. Walijaribu mara nne. Vipande vitatu ndivyo vilivyokaa sawa. Saba vilikuwa vipana mno, sita vilikuwa finyu, na mvua ya Johannesburg kiangazi haina aibu, inakuja alasiri karibu kila siku na inajua pa kuingilia.

Nikaanza kuwasemesha wale wanaume. Nikasema wamefunga vibaya, nikasema kamba zao hazilingani, nikasema mbao zao zimepinda na si kosa la kitambaa. Waliendelea kukunja kamba zao kwa adabu. Mwenzangu akanivuta pembeni, nyuma ya kibanda cha pamba ya sukari, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Ni mtu ambaye kwa siku nzima anaweza kusema maneno kumi.

"Yaya," akaniambia, maana kwao dada mkubwa huitwa hivyo, "ulipima nguo ao ulipima mutu?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Jibu alilijua. Nililala sakafuni siku nzima nikipima turubai kuukuu, tena nikachagua kipande kimoja cha kunipendeza na kukifanya sheria ya vyote, na mwenye mwili, yule mtambo, sikumwekea futi hata mara moja. Nilifikiri kitu cha duara lazima kiwe sawa pande zote. Mwanafunzi niliyemfukuza angecheka mpaka alie.

Nikaomba ngazi. Oom akasema ataleta mtu apande, nikamwambia apande mtu akapime nini. Nikafunga gauni langu kiunoni kwa mkanda wa kitambaa, nikapanda mwenyewe, futi shingoni na chaki mdomoni. Mama wa Soweto akaja kuishika ngazi chini. Mbavu za paa ni mbao ndefu zilizotoka katikati kwenda ukingoni, na nilipopima mwanya wa kwanza na wa pili nikaona tofauti inazidi kiganja cha mkono. Nikaendelea kuinua macho, na hapo ndipo nikaona. Chini ya kila ubavu, mahali ambapo mtu wa ardhini hawezi kupaona, palikuwa na namba ndogo ya rangi nyeupe. Moja, mbili, tatu. Mwandiko wa kike, umelala kidogo.

Niliuliza kule chini ni nani aliyeandika namba hizi. Mama wa Soweto akaniambia ni mke wa mzee. Amekufa miaka mingi. Akaniambia kwamba lori lililobeba mtambo lilipinduka zamani barabarani, mbavu zikavunjika, zikaungwa upya kila moja kwa jinsi ilivyowezekana, na tangu hapo hakuna mwanya unaofanana na mwingine. Mke wa mzee alipanda ngazi hii hii akapima moja moja, akashona lile turubai kwenye meza ya jikoni kwa mashine ya nyumbani. Lilikaa siku ya kwanza bila kuguswa tena.

Nilibaki juu ya ngazi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kila mwanya niliopima ulilingana na kipande cha yule mama, kipana kwa kipana, chembamba kwa chembamba, mpaka kile nilichosema kimepinda, kwa sababu ubavu wake wenyewe umepinda. Hakukata amefumba macho. Hajawahi kutokea mtu aliyekata amefumbua macho kuliko yeye. Na mimi nilimsema mbele ya mume wake, nimelishika paa lake mkononi.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwa Oom. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha bembea, kofia magotini, anaangalia farasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuanza kuaga.

"Oom," nikamwambia, "mkeo alikuwa fundi kuliko mimi. Nilimsema vibaya. Nisamehe."

Aliizungusha kofia magotini. "Alikuwa anaogopa ngazi," akasema. "Alipanda hivyo hivyo."

Nikamwambia anipe mpaka kesho alasiri.

Ijumaa tulihamia uwanjani sisi wawili na cherehani nzito, tukaiweka ndani ya uzio wa magari ya kugongana kwa sababu ndipo palipokuwa na umeme wa kutegemewa. Vile vipande vipana tulivipunguza, hiyo ni kazi ya mkasi. Vile finyu ndivyo vilivyohitaji kuongezewa, na turubai jipya lilikuwa limekwisha na duka liko upande wa pili wa jiji. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka lile kuukuu. Nilikuwa nimemwambia alitupe na yeye, kama kawaida yake, hakutupa. Alilikunja akaliweka nyuma ya gari. Tukalitandika, tukatafuta sehemu ambazo bado zina nguvu, zile za karibu na katikati ambazo jua halikuzila sana, tukakata vijisehemu virefu vyembamba, tukavipachika ndani ya vipande vipya. Kwa hiyo paa lile ukilitazama leo lina wekundu mpya, na katikati ya wekundu mara sita unapita mstari wa rangi ya chai. Nilipata kuogopa kwamba litaonekana limetiwa viraka. Limetiwa viraka kweli. Lakini kila mshono wa kazi ile niliufuata kwa namba za yule mama, na mmoja nilipoukosea kwa upana wa kidole, nilifumua nikaanza upya, mimi ambaye wateja wangu wanajua sifumui kitu.

Wakati tunashona, mama wa Soweto alikuja na chai ya chupa akakaa ndani ya gari moja la kugongana, magoti yamefika kidevuni. Akasema yeye alianza kazi pale akiwa msichana. Enzi zile watu weusi waliruhusiwa kufunga mtambo, kuufungua, kuupaka grisi na kuuzungusha. Kuupanda, hapana. Wanawe walikuwa wakimuuliza kazi ya mama ni nini, anawajibu anaendesha farasi, na hawezi kuwaleta wakawaona. Nikamuuliza aliwezaje kuwapenda farasi hao hata hivyo. Alifikiri, akasema farasi hawakuwa na kosa.

Halafu akanieleza habari ya magunia. Kila msimu, kabla ya geti kufunguliwa, mtambo lazima ujaribiwe na uzito, na walikuwa wakifunga magunia ya mchanga kwenye farasi. Mwaka mmoja mke wa mzee akasema magunia yanawachubua farasi rangi, akawaamuru wafanyakazi wapande wao. Kazini, kwenye karatasi, waliandikwa magunia. Mkaguzi wa siku hizo akiuliza, ni magunia. Hakuwa malaika yule mama, alisema, alikuwa mkali na alikuwa na kiburi cha watu wake, lakini mzunguko ule wa kwanza hakuna aliyewanyang'anya. "Mwanangu wa kwanza alipanda," akaniambia, na akacheka mpaka chai ikamwagika, "alikuwa gunia dogo." Mpaka leo, akasema, mzunguko wa kwanza ni wa waliofanya kazi. Geti halifunguliwi kabla ya huo.

Saa tisa alasiri tukalipandisha. Sikukunja mikono safari hii. Nilishika kamba pamoja na wanaume. Mwanya wa kwanza ukakaa, wa pili ukakaa, nikawa sihesabu tena, naangalia vidole vya wanaume vinavyofunga bila kuvuta. Tulipofika wa kumi na sita mawingu yalikuwa yamesimama juu ya kifusi cha mgodi na harufu ya vumbi lililolowa ilikuwa imefika. Hakuna aliyekimbia. Oom akaingia chini ya paa, nasi tukaingia, tukasimama katikati ya farasi na vichwa vyetu vimetazama juu. Ikanyesha kama inavyojua kunyesha huku, kwa hasira, dakika arobaini. Oom akaenda kwenye swichi akawasha taa zote. Zikawaka manjano, zile zilizobaki nzima, na maji yakawa yanapita juu yetu yakishuka ukingoni kama pazia, na ndani halikuingia tone. Mwenzangu akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasema Alhamdulillahi. Oom alikuwa amesimama ukingoni, pale paa linaposhuka, amenyoosha mkono juu anagusa kwa ncha ya kidole mmoja wa ile mistari ya rangi ya chai. Nilimwona akilia na sikugeuka pembeni, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Jumamosi mkaguzi alikuja saa mbili asubuhi, kijana nadhifu mwenye kishikwambi. Alimwagia paa maji kwa mpira, akapanda, akashuka, akavuta kila kamba. Aliuliza kwa nini vipande havilingani. Oom akamjibu kwamba ndivyo vinavyotakiwa kuwa. Akatia saini.

Nilikuwa nimemleta binti yangu. Nilimlazimisha, sitaficha. Nilitaka aione kazi yangu mahali ambapo si chumba chenye vipande vya vitambaa sakafuni. Alikuja amevaa kofia ya sweta mpaka machoni, akanunuliwa pamba ya sukari na mwenzangu, akasimama kwenye uzio akibofya simu. Nje ya geti familia chache zilikwisha kupanga foleni, watoto wameshika nondo. Si wengi. Siku za ujana wa Oom walikuwa wakifika mpaka barabarani, na hawatarudi kuwa wale, hilo kila mtu pale alilijua na hakuna aliyelisema.

Mama wa Soweto akakaa kwenye kiti chake cha chuma akaita magunia. Wanaume wanne wakapanda, wanacheka kama wanafunzi. Mwuza pamba ya sukari akapanda. Mwenzangu akapandishwa kwa nguvu, na suti yake, akakaa amenyooka juu ya farasi asiye na sikio. Oom akapanda kwenye gari la kukokotwa na farasi, lile la wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Halafu mama wa Soweto akanitazama.

Nikasema mimi nitabaki chini niwaangalie. Ilinitoka yenyewe. Nikasema nina viatu vya wazi vitaruka, nikasema nimevaa gauni, nikasema mengine ambayo siyakumbuki. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kujikunja kifuani, lakini haikuwa ile ya Alhamisi ya kutaka sifa. Ilikuwa imekunjika kama imebeba kitu. Mama wa Soweto alikuwa ameweka mkono juu ya usukani na hakuondosha mtambo. Alisema anasubiri, mzunguko haujatimia.

Nikasikia mtu ananivuta mkono wa gauni. Ni binti yangu. Simu ameitia mfukoni, vidole vinanata sukari, kofia ameisukuma nyuma. Alinitazama miguuni, akachuchumaa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "leta viatu nikushikie."

Nikavua, nikampa, nikapanda.